Daftari la Vipimo

Babu hakuandika wasifu wa mtu.
Aliandika kifua, kiuno, bega,
na pembeni, kwa penseli ya kulambwa ncha, fedha iliyobaki.
Lakini nikilifungua daftari lake hapa Wete,
kurasa zikinuka mafuta ya cherehani,
namwona Bwana Kettley akinenepa na kuzeeka
kama mtu apitaye mbele ya dirisha
mara moja kila baada ya miaka.

Thelathini na moja. Luteni.
Kifua thelathini na nne, kiuno ishirini na saba.
“Mwembamba kama ufito,” kaandika babu kwa herufi za Kiarabu,
asijue mteja naye anajifunza kuzisoma.
Kaptura mbili, gwanda moja, rupia nne na nusu.
Nyota alizileta mwenyewe, kazifunga katika leso,
akasimama mlangoni mpaka sindano ya mwisho
kama baba anayesubiri mwanawe atahiriwe.

Thelathini na saba. Kapteni.
Kiuno thelathini na mbili: samli ya Pemba haimwonei mtu haya.
Rupia zimekwisha, sasa ni shilingi.
“Zikizidi nyota hizi, Bwana, bega litainama.”
Akacheka. Watu walisema alicheka kwa Kiswahili,
maana Kiingereza chake hakikuwa na kicheko.

Arubaini. Hakuna kipimo.
Pana vifungo tu, dazeni kumi na mbili,
vya vijana walioandikishwa bomani:
Faki wa Jadida, Sleyum wa Kizimbani,
na chini yao, bila ya bei, Mbarouk.
Fundi hamtozi mwanawe.

Arubaini na sita. Meja.
Nyota zimeng’olewa, taji limekaa mahali pake.
Mkono wa kulia, inchi ishirini na nne.
Mkono wa kushoto, tisa.

Bibi alikuwa nyuma ya pazia na sinia ya kahawa.
Akamsikia babu, pini zikiwa mdomoni:
“Na wangu umemwacha wapi?”
“Mtoni.”
“Mto gani?”
Meja akautaja. Akautaja tena, polepole.
Babu akajaribu, ulimi ukakataa,
akaandika pambizoni: mto.
Kisha akaendelea. Shingo, kumi na sita.

Kitambaa kilichopunguzwa kushoto
hakukirudisha, wala hakukitupa.
Ndicho jalada la daftari hili.

Hamsini na mbili, tundu la medali juu ya moyo, senti hamsini.
Hamsini na tano, jeshi limemwacha, mashati meupe ya ofisini,
kiuno sitaki hata kukitaja.
Mwaka huo, mama anasema, alikuja usiku duka likifungwa
akauliza kama ni jambo la kawaida
mkono usiokuwapo kuwasha.
Babu akamvutia kigoda.
“Na mimi nina kisichokuwapo,” akamwambia,
“nacho chaniwasha.”
Wakakaa. Taa ya karabai ikaishiwa mafuta
na hapana aliyeinuka.

Sitini na tatu, Disemba. Suti ya kijivu, ya safari.
Katanguliza shilingi sitini. Baki, arubaini.
Januari ikaja na mambo yake,
akapanda meli na shati aliloamka nalo.
Suti ikabaki msumarini miaka kumi na moja
imevishwa gazeti, mkono mmoja mrefu, mmoja mfupi,
sisi watoto tukiiogopa kuliko mzimu,
mpaka Kombo Shehe, aliyeanguka mkarafuu
akakatwa mkono wa kushoto hospitali ya Chake,
akataka kuoa,
na Wete nzima halikupatikana koti la kumkaa ila lile.
Alipendeza! Wageni wakaulizana
fundi alijuaje.

Deni babu hakulifuta. Mimi pia sijalifuta.
Ila juzi jalada lilibanduka,
na ndani, chini ya khaki, nikakuta kipimo kisicho na jina:
kifua thelathini na tatu, urefu hamsini na nne,
kanzu ya Idi,
kitambaa kimeshanunuliwa.